Mwalimu mkuu apikwe kabla ya kuvikwa cheo

Nafasi za uongozi shuleni hutangazwa mara kwa mara, na walimu wengi hodari hawaombi. Huko Lower Kabete, hatua chache kutoka Kitisuru, suala hili lilianza kushughulikiwa miaka 100 hivi iliyopita.

Barabara ya Lower Kabete ikishatoka Westlands hupita kati ya kuta ndefu na mageti ya chuma, katika mitaa iliyokuwa mashamba ya kahawa. Ukikaribia Kitisuru utakuta lango la Chuo cha Mafunzo ya Serikali (KSG). Watu wa makamo bado wanakiita KIA, jina lililotumika tangu 1961 hadi sheria ya 2012 ilipolibadilisha. Humo ndimo maafisa wa tarafa na wakuu wa wilaya walimofunzwa kuandika ripoti, kusoma bajeti na kuendesha baraza. Hadi leo, afisa wa serikali anayetaka kupanda ngazi huja hapa kwa wiki nne za kozi ya usimamizi, au sita za kozi ya uongozi. Dola ilikwisha kung'amua kwamba mtu hawi kiongozi kwa kusoma barua ya uteuzi.

Shuleni mambo huenda kinyume. Mwalimu wa hisabati anayesifika kwa matokeo mazuri huamka Jumatatu akiwa naibu wa mwalimu mkuu, na baada ya miaka michache anakuwa mwalimu mkuu mwenyewe. Chuo cha ualimu kilimfunza kufafanua sehemu na desimali. Hakikumfunza kumtuliza mfanyabiashara wa mahindi aliyengoja malipo tangu muhula uliopita, wala kumkemea mwenzake ambaye jana walikuwa wakinywa chai pamoja. Hayo atayajulia kitini, na kila kosa lake litaonekana na shule nzima. Wenzake wanamtazama, wanapima, na nafasi nyingine ikitangazwa wanaangalia pembeni.

Tumezoea kuwahimiza walimu kwa hotuba: jitokezeni, ombeni, msiogope. Hotuba hizo hazijawahi kumtoa mtu darasani. Mwalimu hukubali kuongoza akiwa ameshaonja madaraka madogo yenye mamlaka ya kweli, akakosea bila kuangamia, akasahihishwa na mtu anayemheshimu. Asiyepitia hapo hata umwimbie, hatasogea.

Walimu waliotumwa kwa walimu wenzao

Kabla ya kuwa KIA, mahali hapo palikuwa na Jeanes School, iliyofunguliwa mwaka 1925. Jina lilitoka kwa Anna T. Jeanes, mwanamke tajiri wa Philadelphia aliyetoa dola milioni moja mwaka 1907 kusaidia shule za vijijini za watu weusi kusini mwa Marekani. Mwaka uliofuata Virginia Randolph, mwalimu mweusi wa kaunti ya Henrico, jimbo la Virginia, akawa wa kwanza kulipwa na mfuko huo ili azungukie shule za jirani na kuwasaidia wenzake. Tume ya elimu ya Phelps-Stokes ilipozuru Afrika Mashariki mwaka 1924 iliusifu mtindo huo, shirika la Carnegie likatoa fedha, na James Dougall, aliyekuwa katibu wa tume hiyo, akawa mkuu wa kwanza wa chuo cha Kabete.

Waliochukuliwa walikuwa watu waliokwisha kushika chaki. Wengi walikuja na wake zao na watoto, wakakaa katika nyumba ndogo zilizopangwa kama kijiji, na wake nao wakafunzwa. Waliporudi kwao, kila mmoja alikabidhiwa shule kadhaa za misheni azizungukie. Alifika, akakaa, akafundisha somo mbele ya mwalimu wa pale, akatazama rejista, choo na bustani, akashauri, kisha akaondoka na kurudi tena. Hakuwa mkaguzi wa kutisha. Alikuwa mwalimu aliyewatangulia wenzake hatua moja, na hatua hiyo moja alikuwa ameisomea.

Si Waafrika wote waliokipenda chuo hicho. Wengi waliona kwamba elimu ya jembe, usafi na useremala ilikusudiwa kumweka Mwafrika mahali pake, ilhali wao walitaka vitabu na mitihani iliyofungua milango ya afisi. Wakikuyu walijenga shule zao huru, na mwaka 1939 Mbiyu Koinange akafungua chuo cha ualimu Githunguri, Kiambu, ili shule hizo zipate walimu wao wenyewe. Jomo Kenyatta alikuja kukiongoza baada ya kurudi kutoka Uingereza, na serikali ya kikoloni ikakifunga mwaka 1952 wakati wa Hali ya Hatari.

Kabete na Githunguri zilikuwa kambi mbili zisizoivana. Hata hivyo zilikubaliana katika jambo moja: shule haisimami bila mwalimu aliyeandaliwa kuwaongoza walimu wengine, na maandalizi hayo huja kabla ya kazi.

Daraja yatakikana, kiti chaogopwa

Leo mwalimu wa shule ya umma hupanda kwa ngazi ya Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC), kuanzia daraja ya B5 hadi D5, ambayo ni ya walimu wakuu wa juu kabisa wa sekondari. Mwenye shahada anayefundisha sekondari huanzia C2, na akishatumikia miaka mitatu hupanda hadi C3 bila usaili. Kutoka hapo mlango huwa mwembamba. Ngazi za juu zimefungamanishwa na vyeo vya usimamizi: mwalimu mwandamizi, naibu, mwalimu mkuu. Anayetaka mshahara mnono sharti atafute kiti, hata kama kipaji chake chote kimo ubaoni.

Matokeo yake ni mawili, na yote mabaya. Wapo wanaokimbilia uongozi kwa ajili ya mshahara bila kuupenda. Wapo pia waliojaliwa kuongoza ila wamekwama C3 kwa miaka, wakakata tamaa. Mwaka 2025 TSC iliwapandisha vyeo zaidi ya walimu 25,000, na wabunge wakaja juu wakilalamikia mgawanyo wa nafasi hizo kati ya kaunti. Kelele zilihusu nani kapata na nani kakosa. Waliouliza kama waliopata walikuwa wameandaliwa walikuwa wachache.

Walimu wanaokikwepa kiti wana sababu. Chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, mwalimu mkuu ndiye katibu wa bodi ya usimamizi ya shule, na saini yake ipo kwenye kila hundi. Serikali imepanga Sh1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa msingi, Sh15,042 kwa wa sekondari ya msingi na Sh22,244 kwa wa sekondari ya kutwa. Katika makaratasi ni hesabu safi. Shuleni fedha huchelewa na huja nusunusu, na Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba serikali haimudu kiwango hicho cha Sh22,244 kikamilifu. Wakati huo mpishi, bawabu na muuza kuni hawaidai Hazina. Wanabisha mlango wa mwalimu mkuu.

Kisha kuna uhamisho. Kuanzia 2018 TSC iliwahamisha walimu wakuu wengi nje ya kaunti zao, wakaacha nyumba, ng'ombe na watoto. Sera hiyo baadaye ililegezwa baada ya malalamiko bungeni na vyamani, ila hofu yake haijatoka majilisini. Kuna pia ukaimu: mtu anashikilia afisi kwa muda mrefu, anabeba lawama zote za mwalimu mkuu, na siku ya usaili anapita mwingine.

Walimu hawaogopi kuongoza

Kabla hatujasema walimu ni waoga, tutazame wanachofanya baada ya saa za kazi. Chama cha walimu cha KNUT, kilichoanzishwa Desemba 1957, kimeongozwa na walimu waliokabiliana na serikali moja baada ya nyingine bila kutetereka. Mwalimu National Sacco, iliyoanzishwa 1974, ni miongoni mwa Sacco kubwa nchini, na wajumbe wake wanaohoji vitabu vya mabilioni ni watu wanaofundisha darasani. Kanisani na msikitini, mweka hazina ni mwalimu. Kwenye kamati ya mazishi, anayeshika daftari ni mwalimu. Hata Daniel arap Moi, kabla ya kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1955, alikuwa mwalimu.

Kwa hiyo tatizo si moyo wa kuongoza. Katika Sacco mwalimu huanza kama mjumbe, akaingia kamati ndogo, akafunzwa kusoma hesabu, ndipo akagombea. Shuleni mwalimu huyo huyo hufungiwa nje ya kila uamuzi kwa miaka 15, kisha huulizwa mbona haombi unaibu.

Daftari la zamu

Shule yoyote ya umma magharibi mwa Nairobi, iwe Loresho, Kangemi au karibu na Kibagare, tayari ina chuo cha uongozi ndani yake. Chuo hicho ni zamu.

Mwalimu wa zamu huwa getini kabla ya saa moja, kalamu mkononi, akiandika majina ya waliochelewa. Huzunguka vyooni kuona kama maji yapo. Kengele ikilia anapita madarasani kutafuta lisilo na mwalimu. Adhuhuri, katika shule zilizo kwenye mpango wa Dishi na County ulioanzishwa na Kaunti ya Nairobi mwaka 2023, husimamia foleni ya watoto wanaogusisha bangili kwenye kifaa na kulipa Sh5 kwa sahani ya chakula. Yupo aliyesahau bangili, yupo ambaye mzazi hakuweka pesa, na yupo mkubwa anayemsukuma mdogo. Jioni anahakikisha madirisha yamefungwa, ndipo anaandika daftarini: bomba la upande wa chekechea limepasuka, mtoto wa Gredi ya 3 ameumia goti, Gredi ya 6 haikuwa na mwalimu wa sayansi vipindi viwili. Ijumaa anasoma ripoti mbele ya gwaride.

Katika siku tano mtu huyo amegusa karibu kila kitu kinachomkosesha mwalimu mkuu usingizi: maji, chakula, usalama, nidhamu, utoro wa walimu. Lakini katika shule nyingi daftari hilo hupigwa muhuri na kurudishwa rafuni bila kusomwa. Aliyeona bomba limepasuka hana ruhusa ya kumwita fundi. Aliyeona Gredi ya 6 haina mwalimu hana ruhusa ya kugusa ratiba. Tumempa macho tukamnyima mikono, na wiki inayofuata anampisha mwingine.

Mwalimu mkuu anayetaka kulea viongozi angeanzia hapo. Jumatatu dakika 20 na mwalimu wa zamu anayemaliza: uliona nini, ulifanya nini, ungefanya nini kama uamuzi ungekuwa wako? Halafu mamlaka kidogo: mwalimu wa zamu aruhusiwe kupanga upya vipindi vya siku, na awe na kiasi kidogo cha fedha cha dharura anachokitolea risiti. Atakosea. Atamwita fundi ghali. Ni heri ajifunze kwa bomba moja kuliko kwa bajeti ya mwaka mzima.

Kutoka zamu, ngazi iendelee. Mkuu wa idara apewe bajeti ya idara, si orodha ya kuomba chaki. Kamati ya mitihani iongozwe na mwalimu ambaye hajawahi kuiongoza, na aliyeizoea akae pembeni yake kwa muhula mmoja. Kiti cha mwakilishi wa walimu kwenye bodi, kilichowekwa na sheria ile ya 2013, kishikwe kwa zamu na watu wanaoandaliwa, badala ya kuachiwa mkongwe asiyesema kitu. Mwalimu aliyekaa kwenye bodi akaona wazazi wakibishana na wafadhili juu ya ukuta wa shule atajua uongozi una ladha gani kabla hajauomba.

Mfano wa mwalimu aliyeongoza bila kiti upo. Bradha Peter Tabichi alikuwa akifundisha hisabati na fizikia katika shule ya kutwa ya Keriko, Njoro, alipotunukiwa tuzo ya mwalimu bora duniani mjini Dubai mwaka 2019, pamoja na dola milioni moja. Hakuwa mwalimu mkuu. Aliimarisha klabu ya sayansi, akaanzisha ya kukuza vipaji, na wanafunzi wa shule ya kijijini wakashinda wenzao wa shule zenye majina. Anayeweza kulea klabu hivyo amekwisha kuonyesha anachoweza kufanya na shule. Kwa kila Tabichi anayejulikana, kuna majilisi yenye mwalimu kama yeye asiyeulizwa kitu.

Wanawake, na Gredi ya 7

Ukiingia katika shule ya msingi ya jijini, wanaofundisha wengi ni wanawake, lakini mlangoni pa afisi kuu si ajabu kukuta jina la mwanamume. Mwaka 1992 mawaziri watano wanawake wa elimu barani Afrika waliunda FAWE, jukwaa la wanawake waelimishaji wa Afrika, makao yake yakawa Nairobi, na Eddah Gachukia, mwalimu aliyekuwa amekwisha kuanzisha shule za Riara na mumewe mwaka 1974, akawa mkurugenzi mtendaji wake wa kwanza. Nancy Macharia, aliyeanza kama mwalimu wa darasani, akawa mwanamke wa kwanza kuwa afisa mkuu mtendaji wa TSC mwaka 2015. Njia ipo. Kinachowakwamisha wengi ni mambo ya kawaida kabisa: mafunzo yanayopangwa likizo yote mtu akiwa na watoto wadogo, uhamisho wa mbali, na mikutano inayoanza saa kumi na moja jioni. Atakayeyarekebisha hayo atapata waombaji wanawake bila kuhutubia mtu.

Ugumu mpya ulikuja Januari 2023, Gredi ya 7 ilipowekwa ndani ya shule za msingi. Vijana wenye shahada walijikuta chini ya walimu wakuu ambao baadhi yao walianza kazi kwa cheti cha ualimu cha P1. Walimu wa sekondari ya msingi wakadai kujitawala, wakaingia barabarani. Jopo la Rais la mageuzi ya elimu, chini ya Profesa Raphael Munavu, lilipendekeza mwaka 2023 kwamba chekechea, msingi na sekondari ya msingi ziwe taasisi moja chini ya mkuu mmoja. Vyovyote mvutano huo utakavyoisha, vijana hao ndio watakaoongoza shule hizo baada ya miaka 15. Mwalimu mkuu mwerevu hawafungii nje. Huwakabidhi maabara, ratiba ya tathmini na ukaguzi wa miradi ya wanafunzi, kisha huketi nao kuona wamefikia wapi.

Nani alipe

Kenya ina taasisi yake ya kuwafunza wasimamizi wa elimu. Ilianza 1981 ikiitwa KESI, na baadaye ikawa KEMI. Diploma yake ya uongozi husomwa na walimu wengi kwa masafa, na mara nyingi kwa fedha zao wenyewe. TSC ilipozindua moduli za maendeleo ya walimu mwaka 2021 kwa Sh6,000 kwa mwaka, walimu walizipinga kwa nguvu. Ni vigumu kuwalaumu. Afisa wa serikali anayekwenda Lower Kabete kwa kawaida hulipiwa na idara yake, hivyo kwa nini mwalimu aununue uongozi kwa mshahara wake?

Jirani zetu Watanzania walianzisha chuo cha wasimamizi wa elimu Bagamoyo mwaka 1979, wakakiita MANTEP. Mwaka 2001 kikageuzwa kuwa ADEM, Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, kinachotoa kozi kwa walimu wakuu, wakuu wa shule na wathibiti ubora. Singapore nayo, tangu 2001, humpa mwalimu njia tatu: kufundisha, kuongoza shule, au kubobea katika mitaala na utafiti. Kila njia ina ngazi zake na mishahara yake, na mwalimu bingwa wa ubaoni hupanda bila kulazimika kushika kalamu ya hundi. Hilo la Singapore ndilo ngazi yetu inalokosa zaidi. Likiwepo, wanaokwenda kwenye kiti watakuwa wale wanaokitaka, na walio bora ubaoni watabaki ubaoni bila kujiona wameshindwa.

Mabadiliko ya ngazi ya TSC yatachukua miaka, mikataba na kesi. Yale ya daftari la zamu hayangoji mtu. Mwalimu mkuu anaweza kuyaanza Jumatatu muhula unapofunguliwa, bila barua kutoka makao ya TSC Upper Hill na bila shilingi ya ziada. Ukaguzi wa shule nao uongeze swali moja kwa kila mwalimu mkuu: taja walimu watatu wanaoweza kuketi kwenye kiti chako mwaka ujao, na useme umewakabidhi nini mwaka huu. Asiye na jibu, hata matokeo yake ya mtihani yawe mazuri namna gani, anaiachia shule yake deni.